Chui Mmoja Anatosha

Juzi mteja aliniuliza wachoraji huwa tunasubiri nini ndipo mkono uanze kazi. Nikamjibu: rangi ikauke. Alicheka, akidhani namtania.

Sisi wachoraji wa mtindo wa Tingatinga tunatumia rangi ya mafuta, ndugu wa ile inayopakwa kwenye milango na baiskeli. Ukipaka rangi ya chini leo, usiiguse mpaka kesho. Masika, hata kesho ni mapema. Ukiharakisha, weusi wa madoa unatambaa kwenye njano na chui anageuka tope. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uchoraji wangu ni kuzurura.

Na huko ndiko ninakookota vitu. Soko la samaki la Feri asubuhi, pono aliyetoka majini sasa hivi ana buluu na kijani ambavyo jua likipanda huvioni tena, inabidi uvibebe kichwani hadi nyumbani. Kanga za mama nazo zimenifunza mpangilio kuliko mtu yeyote: pindo linazunguka, mji unakaa katikati, na kanga nzuri haijazi mji kila kitu.

Mzee mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo wetu, alilijua hilo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja Dar, akaanza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, picha zikauzwa Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Miaka minne tu! Wengine miaka minne inaisha bado hatujaamua sahihi yetu ikae kona ipi. Nazipenda picha zake zenye mnyama mmoja, rangi tupu nyuma yake, basi. Sisi tuliofuata tumejaza tembo, twiga, Mmasai na Kilimanjaro kwenye kitambaa kimoja, maana mtalii anataka safari yake yote kwa bei moja. Siwasemi wenzangu, hiyo Kilimanjaro naichora hata umeme ukikatika.

Wanaotucheka kwamba tunaigana, waache wacheke. Ajaba, Linda, Adeusi, Tedo na Mpata walijifunza kwa kukaa karibu na Mzee na kufuatisha mkono wake, na bado kila mmoja akatoka na wanyama wake. Mimi pia nilianza kwa kujazia madoa kwenye picha za fundi wangu, na hadi leo madoa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Sasa nina ubao wa njano umekauka. Nimeweka chui mmoja, kageuza shingo, mkia umepanda hadi ukingoni. Mke wangu amechungulia.

"Na hapa pembeni unaweka nini?"

"Hakuna."

"Hiyo haiuziki, baba."

Huenda kweli. Kesho nina oda ya Kilimanjaro na tembo wake. Hiyo ndiyo ya kodi ya nyumba.