Kipupwe, mama na daraja

Masika yameisha na mwaka huu nimeapa huu msimu haunipiti. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua, theluji ikishayeyuka wote wanamiminika nje, sisi Dar hatuna hiyo ila tuna kipupwe, na mimi naona kipupwe ndo zawadi yetu. Juni mpaka Agosti alfajiri inashuka mpaka nyuzi 19 hivi, lile joto la kunata halipo, unatoka nje unavuta hewa unaisikia inashuka mpaka tumboni.

Januari nilikua napiga tizi ndani, sehemu moja ya mazoezi huku mtaani, chumba kidogo, feni moja, mashine zimebanana. Siku hiyo dakika ya kumi tu macho yakaingia giza nikakaa chini, nikawaza labda nina ugonjwa. Kumbe jasho kutoka peke yake haitoshi, kinachopoza mwili ni jasho likikauka, na kipindi kile hewa ya Dar imejaa unyevu kwa hiyo jasho linatiririka tu halikauki na mwili unazidi kuchemka. Sasa hivi unyevu umepungua, upepo wa kusi upo, nakimbia nusu saa nzima na fulana ya mgongoni inakauka nikiwa nayo njiani.

Ila kilichonifanya niandike leo ni mama.

Mama ana presha. Kila akienda kliniki anaambiwa atembee, na kila akirudi anasema "mbona natembea, sokoni si naenda kwa miguu?" Nikamwambia mama, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo, ukigawa ni nusu saa siku tano, na sokoni unasimama kila meza kusalimia watu. Akacheka, akanyamaza, kama dakika mbili hivi, akasema haya nipitie Jumamosi, lakini suruali sivai.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri nikamkuta yuko mlangoni, dera, kanga kiunoni, na miguuni raba za mdogo wangu amevaa na soksi pea mbili ili zisimvuke. Tukapanda bajaji mpaka ufukwe wa Coco, tukaanza kutembea kuelekea Daraja la Tanzanite taratibu. Kwa wasiolijua, lile daraja limepita juu ya bahari, urefu wake ni kama kilomita moja na lina njia ya waenda kwa miguu pembeni, lilifunguliwa 2022, na mama miaka yote hiyo alikua hajawahi kulikanyaga! Amelipita ndani ya gari mara moja tu.

Kwenda upepo unakupiga usoni, mama ameshika kanga kwa mkono mmoja na mwingine ameshika ukingo, hasemi kitu. Mara nyuma yetu kikundi cha jogingi, fulana za rangi moja, wanaimba wanapiga makofi, wakafika usawa wetu wote kwa pamoja "Shikamoo bi mkubwaaa!" Mama akaachia ukingo, akainua mkono, "Marahaba wanangu, kimbieni!" na toka hapo hakushika tena ukingo. Saa kumi na mbili na nusu jua likachomoza baharini, maji yote yakawa ya rangi ya chungwa, akasimama akaangalia akasema "Alhamdulillah", tukarudi upepo ukitusukuma mgongoni.

Dawa zake anaendelea nazo kama kawaida, hilo msinielewe vibaya. Lakini hii ni wiki ya nne na usingizi umerudi kwetu wote wawili, mwanga wa asubuhi ukikupiga machoni mwili unajua siku imeanza na usiku nao unajua muda wake wa kulala, mimi nilikua nahangaika na simu mpaka saa nane za usiku sasa saa nne tu nimezima. Na tunaongea. Nyumbani kuna tivii, kuna wajukuu, kuna wageni, pale darajani ananihadithia Dar ya usichana wake na mimi nasikiliza tu.

Mpaka sasa tunaishia katikati ya daraja. Jumamosi iliyopita alihesabu nguzo za taa zilizobaki kufika upande wa pili, wa Hospitali ya Aga Khan, leo jioni kanipigia simu, hata salamu hajamaliza, anauliza kama kesho mvua itanyesha.