Miwani ya jua yenye namba kwa waendesha baiskeli

Anza na namba yako, yaani nguvu ya lenzi uliyoandikiwa na mpima macho, kabla hujaipenda fremu. Fremu za baiskeli hupinda kufuata uso ili kuzuia upepo na vumbi, na lenzi yenye namba kubwa ikipinda hivyo hupotosha picha pembeni: barabara inaonekana imeinama, kichwa kinauma. Hapa ndipo wengi hupoteza hela. Namba ikizidi 4 hivi, iwe ya kujumlisha au ya kutoa, chukua fremu iliyonyooka zaidi, au hakikisha mtengeneza lenzi amekokotoa upya namba kulingana na mpindo. Umbali kati ya mboni upimwe ukiwa umevaa fremu yenyewe.

Lenzi iwe ya polikaboneti (aina ya plastiki ngumu), kwa sababu haipasuki kirahisi ikipigwa na kokoto. Giza la daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha jua kali. Lenzi zinazobadilika rangi ni nzuri kwa wanaotoka alfajiri, ila ukiingia handakini hazipotezi giza lake upesi.

Halafu jaribu ukiwa na helmeti, umeinama kama umeshika usukani. Katika mkao huo jicho hutazama kupitia sehemu ya juu ya lenzi. Ukingo wa fremu ukikuzuia kuona barabara, iache.