Mzinga wa Rufiji

Jana nimepita Fort Jesus, Mombasa, nikasimama kwenye mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimegusa lile bomba la chuma, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 105, nikabaki nawaza. Wengi hupiga picha na kuondoka, na naumia, maana historia yake ni nzito. Meli ilipozama, Wajerumani waliitoa mizinga yake 10, wakaipeleka Dar es Salaam kuwekewa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni vyombo vilivyoimaliza. Königsberg ilizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji ni machache mno. Zikaletwa Severn na Mersey, meli fupi za kina kidogo zilizoundwa kwa ajili ya Brazil, zitumike mto Amazon! Zilivutwa kutoka Malta hadi Mafia.

Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikutosha. Tarehe 11 wakarudi. Rubani wa Kiingereza, Cull, na mwenzake Arnold walikuwa angani wakielekeza mizinga ya meli hizo kwa redio. Ndege ikapigwa. Huku inashuka, Arnold bado anatuma masahihisho ya shabaha! Wakaangukia mtoni, boti ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Königsberg ikaishia siku hiyo hiyo. Kwangu mimi, Arnold ndiye shujaa wa siku ile.