Nondo wa Mabamba

Nondo mwenyewe tulimpata usiku, ukingoni mwa kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya Nakiwogo ukitokea Entebbe, Uganda. Tulitundika shuka jeupe, taa mbele yake. Akatua karibu na pindo: mdogo, mweupe, mbawa zake zimechorwa mistari ya kahawia. Nilitambua kuwa ni wa familia ya Crambidae, basi. Nondo hao weupe wa majini wanafanana mno.

Asubuhi mzee mwenye mtumbwi akaniambia, "Mwalimu, kama unamtaka huyo wa jana, achana na mafunjo. Twende kwenye mayungiyungi."

Majani yalikuwa yamekatwa vipande vya duara, safi, kama kwa mkasi. Mzee akapindua moja. Chini yake kilinata kipochi: vipande viwili vya jani vilivyoshonwa kwa hariri. Nikakifungua taratibu ndani ya bakuli la maji. Kiwavi akajikunja, akanyooka, na ubavuni mwake kote matamvua meupe yenye vitawi yakaanza kucheza. Nilishika pumzi. Viwavi karibu wote tunaowajua ni wa nchi kavu. Huyu anavuta hewa iliyo majini! Na matamvua ya namna hiyo ndiyo yaliyonielekeza kwenye jenasi ya Parapoynx.

Nilimlea kwenye beseni hadi akatoka nondo mwenye mistari ile ile. Maabara ilifuata: tumbo likalainishwa kwa potasiamu haidroksaidi, viungo vya uzazi vikatazamwa kwa hadubini, maana kwa jamii hii mbawa pekee hazitoshi. Kwenye lebo nikasisitiza yaandikwe mayungiyungi na maji yaliyotulia kati ya mafunjo. Mdudu asiye na anwani hiyo hamsaidii mtu anayetaka kumlinda.

Mabamba iko tangu 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na wageni huifuata kwa ajili ya ndege aitwaye korongo nyangumi. Sawa kabisa. Lakini nimeona kinamasi kingine, Lwera, kilivyochimbwa mchanga na kulimwa mpunga, na hofu hainitoki.

Nilipompigia mzee simu, aliuliza kwanza kama mdudu huyo anakula mpunga. Nikamwambia yupo ndugu yake, Parapoynx stagnalis, anayeula, ila huyu wetu tulimkuta kwenye yungiyungi. Nikamwomba vijana wanaosafisha njia ya mitumbwi wayaache mayungiyungi ya pembeni. Akasema atawaambia kwenye kikao chao.