Fuso la Viazi Lilivyotumika Kama Mti Kitulo

Kupanda Matamba, wilayani Makete, kutokea Chimala hakuna haraka. Ukiacha lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, bonde la Usangu linabaki chini yako na kona zinaanza. Wenyeji wanazitaja kuwa 57. Mjomba alipanda taratibu, honi kila kona, huku akinisema kwa sweta langu jepesi.

"Umeambiwa Makete mwezi wa sita, wewe umevaa kama unakwenda Kyela."

Tulikuwa tunafuata mbegu za viazi. Tulipomaliza kupakia Matamba hatukurudi tulikotoka, maana Mjomba hashuki zile kona na mzigo: breki zikishapata moto njiani, kona zilizobaki unazishuka kwa sala. Akaamua tukate juu kwa juu, Kitulo, Kikondo, Isyonje, halafu Uyole. Bibi mmoja wa Kikondo aliomba lifti, akapewa kiti cha mbele na tenga lake la kuku. Mimi nikakaa nyuma na magunia.

Wanaotaka kuona maua ya Kitulo waende kwenye mvua, Desemba hadi Aprili. Ndiyo maua yaliyofanya watu wapaite Bustani ya Mungu, na pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sisi tulipita kipupwe. Majani yamekauka, ukungu umekaa chini, manyunyu hayaishi, na uko mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri kunakuwa na sakitu, umande ulioganda. Jua likichungulia linayeyusha ngozi ya juu tu, na ule udongo mweusi unakuwa kama umepakwa sabuni. Tena sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi tupu. Unaweza kwenda kitambo kirefu bila kuona mti wa kufungia hata mbuzi.

Hapo ndipo tulipokutana na Fuso. Lilikuwa limebeba lumbesa za viazi hadi juu ya bodi, likaganda katikati ya barabara kwa sababu halina pa kupisha. Mjomba akapisha kushoto. Gari likateleza kwa upole tu, ubavu ubavu, likalala mtaroni na tairi mbili za kushoto zikazama hadi kwenye ekseli.

Dereva wa Fuso alikuwa kijana mcheshi mwenye haraka. Utingo wake alisharuka na kipande cha waya wa chuma, anatafuta pa kufunga kwenye bampa letu.

"Mzee, nafunga hapa, narudi rivasi kwa nguvu mara moja tu, unatoka."

"Elfu ngapi?"

"Hamsini."

"Nitakupa thelathini, na usivute kabisa. Simama tu."

Kijana alifikiri anataniwa. Mjomba akamweleza akiwa amechuchumaa kwenye tope: bampa limeshikwa na bolti chache, ukilikurupua linang'oka na kuja na waya. Lile pira la chuma la kuvutia trela nyuma ya gari ndilo baya zaidi. Likikatika kwa mvuto wa ghafla linaruka kama risasi, na limeshaua watu. Waya wa chuma haunyumbuki, kwa hiyo ukiukurupua nguvu yote inaishia pale penye udhaifu, na huwezi kujua ni wapi mpaka pakatike. Mimi nasema kwenye kukwama, msamaria mwenye gari kubwa na haraka ni wa kuogopwa kuliko tope lenyewe.

Gari letu lina winchi, mashine ya kukunja waya na kuvuta, lakini kazi ya kwanza haikuwa hiyo hata kidogo. Tulishusha magunia yote, tukayapanga kwenye turubai. Kisha sepeto: tulichimba mbele ya kila tairi hadi ikapatikana njia ya kupanda, maana tairi lililozama linatengeneza ukuta mbele yake, na winchi itahangaika na ukuta huo badala ya gari.

Bibi alikuwa bado ndani, vioo vimefungwa, anaota joto la injini. Mjomba akaenda mlangoni.

"Bibi, naomba ushuke kidogo."

"Baridi hii, mwanangu? Niache na kuku wangu."

"Ekzosi imezama kwenye tope. Moshi utarudi ndani."

Hapo Bibi hakubisha. Watu wa huku juu wanaijua habari ya jiko la mkaa chumbani usiku wa kipupwe. Hewa ni ile ile, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Nchi za theluji nako inaua walionasa barabarani, ekzosi ikiwa imezibwa na theluji na wao wamejifungia wapate joto. Tulifukua bomba hadi likapumua.

Sasa Fuso. Lilirudi nyuma hadi kwenye kokoto ngumu, likavutwa handibreki, mawe yakawekwa mbele ya tairi. Lilikuwa limekuwa mti wetu wa kufungia winchi, tena mti wa tani kadhaa. Mjomba akafunga kapi, kigurudumu cha kuzungushia waya, kwenye pini ya mbele ya Fuso, akavuta waya wa winchi ukazunguka kapi na kurudi kwenye pete ya chesisi yetu. Kwa mpangilio huo mvuto unakaribia kuwa mara mbili, na mwendo unakuwa nusu. Winchi yake ni ya pauni 9,000, kama tani nne, lakini hizo tani nne unazipata waya ukiwa umebaki safu ya chini kwenye ngoma, lile pipa unapojikunja. Ngoma ikijaa, nguvu inapungua. Kwa hiyo alitoa waya mwingi, ila akaacha mizunguko zaidi ya mitano, kwa sababu kinachoushika waya ni mizunguko ile, ile skrubu ya mwisho ni ya kuushikiza tu.

Alivaa glovu za ngozi. Waya wa zamani una nyuzi zilizokatika, zinachana kiganja kama wembe. Juu ya waya akatandika magunia matupu yaliyoloweshwa tope, ili ukikatika uanguke chini badala ya kupiga. Watu wa bodaboda walikuwa wamesimama kutazama; akawafukuza mbali, zaidi ya urefu wa waya wenyewe, na kumkaripia mmoja aliyetaka kuuruka.

Injini ikaachwa inanguruma, maana betri kwenye baridi haina ubishi. Akabonyeza. Waya ukakaza, ukalia kidogo. Akaacha, akagusa mota kwa kiganja, akasubiri ipoe, akabonyeza tena. Tope lilifanya sauti ya kunyonya, kisha likaachia tairi la mbele. Kijana wa Fuso alikuwa kimya muda wote. Gari lilipokaa barabarani aliuliza jambo moja tu: hilo kapi linauzwa wapi Mbeya.

Bibi tulimshusha Kikondo. Tulipoikamata lami Isyonje usukani ulianza kutetemeka, nikadhani tumevunja kitu. Mjomba akasimama, akachukua bisibisi, akakwangua tope lililoganda ndani ya rimu upande mmoja. Mtetemo ukaisha. Kesho yake asubuhi, Uyole, aliutandaza waya wote uani, akausafisha na kuurudisha kwenye ngoma ukiwa umekazwa, safu kwa safu, huku mimi nikikanyaga breki kidogo kidogo kama alivyoniagiza.