Nyanya kwenye ndoo: anza kwa kuyaelewa maji

Nyanya ikikataa kuzaa kwenye ndoo, wengi hukimbilia mbolea. Mara nyingi mbolea haina kosa. Mzizi unataka maji na hewa kwa pamoja, na ndoo ni chombo kidogo: ukizidisha maji kidogo hewa inakwisha, ukichelewa nusu siku udongo unakauka. Shambani mzizi unaweza kuyafuata maji chini zaidi. Ndani ya ndoo hauna pa kwenda.

Tumia ndoo ya lita 20, mche mmoja tu. Miche miwili itagombea maji na yote itazaa vibaya. Ndoo iliyowahi kubeba dawa za kemikali au mafuta ya mashine usiitumie kabisa, hata ukiisugua namna gani. Toboa matundu 8 hadi 10 yenye upana wa sentimita 1, mengine kwenye kitako na mengine ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Haya ya ubavuni ndiyo yatakayokuokoa siku yale ya kwenye kitako yakiziba. Kisha inua ndoo juu ya matofali mawili ili maji yapate pa kutokea.

Kuna mazoea ya kutandika kokoto chini ya ndoo ili maji yapite vizuri. Yaache. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Hung'ang'ania udongo mpaka ushibe ndipo yaanze kudondoka. Kokoto basi haziondoi tope, zinalipandisha juu karibu na mizizi, na wakati huohuo umepoteza nafasi ya udongo. Kama unahofia udongo kumwagika, weka kipande cha neti au kitambaa chepesi juu ya matundu.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya samadi au mboji iliyooza vizuri, na sehemu 1 ya mchanga mkavu wenye chembe kubwa au makapi ya mpunga. Samadi iliyoiva hainuki, haina joto, na huwezi kutambua tena majani yaliyokuwamo. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Jaza ndoo ukibakiza sentimita 5 juu, maana bila ukingo huo maji ya kumwagilia yatafurika kabla ya kuzama.

Mche uhamishe ukiwa na majani halisi 4 hadi 6, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka kwenye mbegu. Nyanya, tofauti na mboga nyingi, inapenda kupandwa kwa kina: ng'oa majani ya chini na ufukie shina mpaka karibu na majani yaliyobaki, kwa sababu sehemu ile iliyofukiwa itatoa mizizi mipya. Panda jioni, na simika mti wa kuegemezea wenye urefu wa mita 1.5 au zaidi siku hiyohiyo. Ukiusimika baada ya mwezi utakata mizizi.

Sasa maji yenyewe. Usimwagilie kwa ratiba, mwagilia kwa kidole. Kichomeke sentimita 4 hivi. Pakiwa pakavu, mwaga taratibu mpaka uone maji yakitoka chini. Kikombe kimoja kila siku ni kosa kubwa kwa mmea uliokomaa, kwani kinalowesha juu tu na mizizi inabaki huko juu ikiungua na jua. Mmea mkubwa wenye matunda unaweza kunywa lita 2 hadi 3 siku ya jua kali, wakati mche wa wiki ya kwanza hauhitaji hata nusu lita. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, bila kulowesha majani, kwa kuwa majani yanayolala na unyevu hukaribisha bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 3 hadi 5, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Ndoo nyeusi ivalishe gunia au kitambaa cheupe, maana inavuta joto hadi mizizini.

Udongo ukikauka kupita kiasi huwa unakataa maji. Unamwaga juu, yanateleza pembeni na kutoka chini mara moja, nawe unadhani udongo umeshiba. Hapo weka ndoo ndani ya beseni la maji kwa nusu saa inywe kutokea chini, kisha iondoe. Usiiache humo.

Nyanya kuoza kitako, yaani doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda, si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisiamu, lakini mara nyingi kalisiamu imo udongoni. Kilichokosekana ni maji ya kuifikisha, kwa sababu leo udongo ulikauka na kesho ukafurika. Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu, yanaoza polepole mno. Chuma matunda yaliyoharibika, sawazisha maji, na yatakayofuata yatatoka salama. Matunda kupasuka ni matokeo ya maji mengi baada ya ukame.

Majani mengi ya kijani kibichi bila maua ni naitrojeni iliyozidi, yaani kirutubisho kinachokuza majani: simamisha samadi. Maotea ya kwapani, yaani machipukizi yanayotoka kati ya shina na jani, yang'oe yakiwa mafupi kuliko kidole, lakini kwa aina ndefu tu, zile zinazoendelea kurefuka. Ukipogoa aina fupi, zinazoacha kurefuka zenyewe, unajipunguzia mavuno.

Mmea ukinyauka mchana na kuinuka jioni, usiogope, mara nyingi ni joto. Ukiamka umenyauka na udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na udongo, tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi na utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Ondoa mmea mzima pamoja na udongo wake, na udongo huo usiupande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Ndoo yenyewe inatumika tena. Isugue kwa sabuni hadi tope lote litoke, kisha iloweke dakika 10 kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya madoa yenye klorini kwa sehemu 9 za maji, isuuze sana na uianike juani. Dawa hiyo usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Vaa glavu, na fanya kazi hiyo nje.