Skrubu nyuma ya sikio: mfupa hausumbui, ngozi ndiyo yenye kazi

Sikio langu la kulia lilichimbwa kwa upasuaji wa usaha sugu, likabaki na pango. Kila nikiliziba kwa kifaa cha kawaida cha kusikia, linavuja upya. Kwa sikio la namna hii njia iliyobaki ni mfupa: kifaa, kwangu kilichopachikwa kwenye skrubu iliyofungwa mfupani nyuma ya sikio, kinatetemesha fuvu, mtetemo unafika koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio, bila kupita kwenye tundu wala kiwambo. Ziba masikio yote kwa vidole kisha tafuna korosho. Mngurumo utakaousikia umepita mfupani.

Nilianza na odiogramu, yaani chati ya kipimo cha kusikia, si bei. Ina mstari wa hewa na mstari wa mfupa, na wa mfupa ndio unaoamua. Wastani wake katika 500, 1000, 2000 na 3000 Hz ukiwa desibeli 45 au pungufu, kichakataji cha kawaida, yaani kile kidude cha nje chenye maikrofoni, kinatosha. Hadi 55 unahitaji chenye nguvu zaidi, na hadi 65 kile kikubwa kuliko vyote. Zaidi ya hapo koklea yenyewe imechoka, tafuta tiba nyingine. Pengo kati ya mistari likizidi desibeli 30, mfupa kwa kawaida hukishinda kifaa cha sikioni; langu lilikuwa 45. Aliyepoteza kabisa sikio moja naye hufaidika, mradi la pili liwe zima, desibeli 20 au chini yake. Ila asitarajie kutambua sauti inatoka upande gani, maana koklea inayosikia ni ile ile moja.

Usikubali kisu kabla hujajaribu kichakataji kwenye utepe wa kichwani, na usijaribie ofisini kwa daktari tu: nenda nacho sokoni, kwenye daladala, msikitini au kanisani. Ngozi hula sauti nyembamba, kwa hiyo utepe uko nyuma ya skrubu kwa desibeli kama 10 hadi 15 kwenye sauti hizo. Utepe ukikuridhisha, skrubu itakuridhisha zaidi.

Kuna ukoo wa skrubu inayochomoza nje ya ngozi, kama Baha na Ponto, na ukoo wa mashine inayozikwa chini ya ngozi, kichakataji cha nje kikishikwa kwa sumaku, kama Bonebridge na Osia. Wa skrubu ndio mkongwe: Anders Tjellström aliwawekea wagonjwa wa kwanza mjini Göteborg, Sweden, mwaka 1977, akijengea juu ya ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark kwamba mfupa hung'ang'ania titani. Sumaku inapendeza zaidi machoni, sikatai. Lakini Bonebridge ya mwanzo ilitaka kina cha milimita 8.7 mfupani (toleo jipya, BCI 602, limeshuka hadi 4.5), na mfupa wangu ulishachimbwa. Halafu sumaku huleta masharti kwenye kipimo cha MRI. Mwenye skrubu anavua kichakataji, anaingia.

Upasuaji wa skrubu kwa mtu mzima kwa kawaida hufanyika kwa ganzi. Alama huwekwa milimita 50 hadi 55 kutoka tundu la sikio, ili kichakataji kisiguse sikio na kupiga mluzi. Unene wa ngozi upimwe kwa sindano kabla ya ganzi kudungwa; dawa ikishaingia ngozi inavimba na kipimo kinadanganya, kisha unapewa kishikizo, kile kipande kinachochomoza nje ya ngozi juu ya skrubu, chenye urefu usiokufaa. Keekee hushuka milimita 3, na 4 mfupa ukiruhusu, huku maji yakimwagwa muda wote. Mfupa uliounguzwa hufa, na skrubu hulegea baadaye bila kukuonya. Zamani watu walisubiri miezi 3 kabla ya kupachika kichakataji. Skrubu pana za siku hizi huruhusu baada ya wiki chache.

Baada ya hapo kazi yote ni ngozi. Kila siku, kidonda kikishapona, nasugua kuzunguka kishikizo kwa mswaki laini wa mtoto, maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha nageukia ndani ya kishikizo. Magamba yakiachwa siku tatu yanakuwa ukoko, na ukoko ukibanduliwa kwa nguvu unaacha kidonda. Nywele zisijisokote hapo. Dawa ya kulainisha nywele isifike kabisa, na kinyozi aambiwe kabla hajawasha mashine.

Madaktari hupanga hali ya ngozi kwa ngazi za Holgers, 0 hadi 4. Wekundu kidogo ni 1: naongeza usafi. Wekundu na unyevu ni 2: nakwenda kliniki nipewe marhamu. Nyama mbichi zikichipuka ni 3. Ngazi ya 4 ni maambukizi yanayolazimu kishikizo kitolewe. Ngozi ikinenepa hadi kukaribia kufunika kishikizo cha milimita 6, hubadilishwa cha 9 au 12 bila kugusa skrubu iliyo mfupani. Kikianza kucheza, usikikaze kwa koleo la nyumbani. Kliniki wana ufunguo wenye kipimo cha nguvu. Ukikaza kupita kiasi unaweza kung'oa hata ile ya ndani.

Kichakataji hupachikwa kwa kukiinamisha, ukingo mmoja kwanza. Ukikisukuma wima kinaumiza, na kishikio chake huchakaa. Kikipiga mluzi, angalia kwanza kama kimegusa kofia, mtandio au miwani kabla ya kulaumu mashine. Kamba yake ya usalama naibana kwenye kola, hasa kwenye bodaboda. Helmeti ikivuliwa haraka huondoka nacho.

Betri za zinki-hewa huanza kazi zikishabanduliwa kibandiko, nazo zikae dakika chache kabla ya kuingizwa. Pwani, usiku, kichakataji changu hulala kwenye kopo lenye chembe za silika, mlango wa betri wazi.